Kiroba cha magome ya mjafari

Mama mmoja wa Chamwino alifika maabara yetu ya kemia hapa Dodoma na kiroba cha magome ya mjafari, yale yenye vinundu vya miiba. Mumewe ameanza matibabu ya saratani, na jirani kawaambia mti huu unaiua. "Mwanangu, nichemshe kiasi gani?" Nilimwomba asichemshe kwanza, tukakaa tukazungumza.

Jirani hakuzua. Mjafari una alkaloidi, kemikali zenye naitrojeni, nyingi zikiwa chungu, ambazo mimea hujilindia dhidi ya wadudu na wanyama. Baadhi yake huua seli za saratani maabarani. Lakini seli zilizo kwenye kisahani hata sabuni ya kufulia huziua. Tunachotafuta ni kitu kitakachoua seli mbovu na kuziacha zile nzima, kwa kipimo ambacho ini na figo za mgonjwa zinakihimili.

Ndiyo maana tunazitenga alkaloidi hizo. Gome hukaushwa kivulini, husagwa, huloekwa kwenye methanoli, aina ya alkoholi, kisha methanoli hukaushwa mpaka ibaki lami nzito. Lami hiyo tunaichanganya na asidi hafifu: alkaloidi hugeuka chumvi na kuingia kwenye maji, mafuta na nta tunaviondoa. Tukitia amonia, alkaloidi huacha maji na kuhamia kwenye klorofomu, kimiminika kisichochanganyika na maji. Kitone kimoja kikinyunyiziwa kitendanishi cha Dragendorff, kemikali ya kutambulia alkaloidi, hugeuka rangi ya chungwa. Mwanafunzi akikiona mara ya kwanza huita wenzake. Hapo bado ni mchanganyiko. Tunaumimina kwenye safu ya kioo iliyojaa silika, unga unaotenganisha kemikali, na kukinga chupa baada ya chupa, siku nzima, wiki nzima, mpaka kila alkaloidi isimame peke yake. Kuna wakati kiroba kizima hutoa miligramu chache tu.

Kazi hii huzaa matunda. Watafiti Robert Noble na Charles Beer wa Kanada walikuwa wakichunguza majani ya Catharanthus roseus, lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano tunalopanda mbele ya nyumba, kwa sababu watu wa Jamaika waliyanywa kwa ajili ya kisukari. Sukari haikushuka; chembe nyeupe za damu za panya ndizo zilizoshuka. Mwaka 1958 wakaitenga vinblastini, alkaloidi inayotibu saratani. Ndugu yake, vinkristini, huzuia seli isigawanyike, na leo hutibu saratani ya damu ya watoto na limfoma ya Burkitt, saratani ya mfumo wa limfu. Gramu moja yake hudai mamia ya kilo za majani makavu, na dozi ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2. Ikizidi, mishipa ya fahamu huharibika.

Sasa kikombe cha chai ya majani hayo kina miligramu ngapi? Hakuna ajuaye. Ua hilo lina alkaloidi zaidi ya 100, na kiasi hubadilika kwa udongo, msimu na umri wa mmea. Isitoshe, mitishamba mingine huvuruga namna ini linavyosafisha dawa za hospitali: dawa hupungua nguvu, au hugeuka sumu mwilini. Kwa hiyo anayetumia mitishamba amwambie daktari wake, bila woga wa kugombezwa.

Mama alirudi kwa mumewe na kadi ya kliniki mkononi. Magome alituachia. Nimeyaanika kivulini juu ya gazeti. Yakikauka tutaanza kuyasaga.