Mustang: wilaya inayopangiwa ratiba na upepo

Mtu akiniuliza Mustang ya Nepal ikoje, sianzi na milima. Naanza na saa nne asubuhi. Huo ndio wakati upepo unapoamka katika bonde la mto Kali Gandaki, na ukishaamka, ndege hazitui tena Jomsom, makao makuu ya wilaya, na mchanga wa mtoni unaanza kuruka usoni mwa kila aliyechelewa kutoka.

Chanzo chake ni umbo la ardhi. Mto umepasua Himalaya katikati ya vilele viwili vya zaidi ya mita 8,000: Dhaulagiri (8,167) magharibi na Annapurna (8,091) mashariki. Kusini mwa korongo hilo ni nchi ya joto na mvua. Kaskazini ni nyanda za juu kavu, hazina miti, zinapakana na Tibet. Jua likizichoma nyanda hizo, hewa yake hupanda, na ya kusini huvutwa kuziba pengo. Njia ni hiyo moja nyembamba, basi hewa inatoka kwa nguvu kama maji kwenye mpira uliobanwa mdomo. Ukali wake ni alasiri, usiku hutulia.

Milima hiyohiyo inazuia mvua. Pepo za monsuni za huko ni ndugu wa kusi ya mwambao wetu, na hufika zimebeba maji mengi, lakini mzigo wote unashushwa upande wa kusini. Lumle, karibu na mji wa Pokhara ulio kusini mwa milima, hupata zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka. Jomsom haifikishi 300, na kati ya vituo hivyo viwili hakuna hata kilomita 60 kwa mstari ulionyooka.

Kwa msafiri, hesabu ni hii. Ndege ndogo kutoka Pokhara huchukua kama dakika 20 na huruka asubuhi tu. Mawingu yakichelewa kuondoka Pokhara, upepo unawahi Jomsom, na safari imekufa kwa siku hiyo. Usikate tiketi ya kurudi nyumbani kesho yake. Acha angalau siku moja ya akiba. Gari la kukodi huchukua saa 8 hadi 10 barabara ikiwa salama, na kati ya Juni na Septemba maporomoko ya ardhi huikata mara kwa mara. Ukitembea kwa miguu, ondoka saa kumi na mbili asubuhi, ufike kabla ya saa tano. Kosa la kawaida ni kushuka mchana kutoka Kagbeni, kijiji kilicho kaskazini, kwenda Jomsom: unaupokea upepo kifuani njia nzima. Miwani inayoziba pembeni na kitambaa cha kufunika pua si anasa hapo.

Ukitaka kuona watu walivyojipanga na hali hiyo, simama Marpha, kijiji cha matufaha kusini mwa Jomsom. Nyumba zimebanana, zimeegemea mlima, na vichochoro ni vyembamba mno upepo usipate mbio. Chini ya mawe uliyoyakanyaga mna mfereji. Nyamaza kidogo utasikia maji. Paa ni bapa, la udongo ulioshindiliwa, na ukingoni mwake kuni zimepangwa kwa unadhifu hata unadhani ni mapambo. Paa la namna hiyo linafaa mahali pasipo na mvua kubwa, kwani likilowa siku kadhaa mfululizo linavuja.

Upepo wenyewe si rahisi kuufuga. Mwaka 1989 mitambo miwili ya kilowati 10 kila mmoja ilisimikwa Kagbeni ili kuzalisha umeme wa upepo. Baada ya miezi michache, upepo huohuo uliivunja.

Wakazi wa wilaya nzima hawafiki 15,000. Kusini wako Wathakali, waliotajirika kwa kusimamia biashara ya chumvi ya Tibet na nafaka za bondeni. Biashara hiyo ilipofifia, wengi walihamia mijini wakafungua mahoteli, na leo mlo wa Kithakali unajulikana Nepal nzima. Mtaji waliupata wapi? Wana mchezo uitwao dhikuti: kila mmoja anachanga na mmoja anapokea kwa zamu. Ni upatu mtupu. Na ukiletewa dhindo, hutahitaji kuelezwa: ni unga, mara nyingi wa nafaka nyeusi iitwayo fapari, uliosongwa kwenye maji yanayochemka. Ugali wake ni mweusi na laini kuliko wa mahindi; mega tonge, chovya kwenye mchuzi.

Muktinath, zaidi ya mita 3,700, ni mahali patakatifu kwa Wahindu na Wabudha pia. Nyuma ya hekalu kuna mifereji 108 yenye vichwa vya ng'ombe, ikimwaga maji ya barafu. Karibu yake, moto mdogo wa gesi ya asili huwaka kando ya maji. Hapa nawaonya hasa wazee. Pokhara iko kwenye mita 800 hivi, na gari linaweza kukufikisha Muktinath siku hiyohiyo, kabla mwili haujazoea hewa nyepesi ya juu. Kichwa kikigonga na kichefuchefu kikaanza, dawa ya kwanza ni kushuka. Lala Jomsom au Kagbeni usiku mmoja au miwili kwanza. Ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku.

Kaskazini mwa Kagbeni inaanza Mustang ya Juu, nchi ya Waloba, ambayo wageni waliruhusiwa kuingia mwaka 1992 tu. Lo Manthang, mji uliozungushiwa ukuta wa udongo, ulikuwa na mfalme wake hadi Nepal ilipofuta ufalme mwaka 2008. Kwa miaka mingi kibali kilikuwa dola 500 kwa siku 10 za kwanza. Viwango hubadilika, kwa hiyo thibitisha kwa wakala aliyesajiliwa, maana kibali hicho hukiombi mwenyewe. Miezi ya monsuni huko juu ni mikavu na mashamba ya shayiri yamestawi. Shida ni ile barabara ya kutoka Pokhara. Na mvua za ghafla zinazidi kuvuka milima: Agosti 2023 mafuriko ya tope yaliingia Kagbeni na kubomoa nyumba.