QoS kwenye swichi ya mtandao: maana yake na inavyofanya kazi

QoS, yaani ubora wa huduma, ni mipangilio inayoieleza swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta na simu za mtandao mmoja) pakiti zipi, yaani vipande vipi vya data, zitangulie njia inapobanwa. Haiongezi kasi hata kidogo. Inaamua tu nani asubiri na, bafa (kumbukumbu ya muda ya kusubiria) ikijaa, nani atupwe.

Poti, yaani tundu la kuchomeka waya, ikiwa na nafasi, kila pakiti hupita ilivyofika na QoS haina la kufanya. Kazi huanza pale poti kadhaa za gigabiti 1 zinapoelekeza data zote kwenye poti moja ya kasi hiyohiyo inayokwenda kwenye ruta. Hapo foleni hujengeka. Faili linalopakuliwa halidhuriki sana, maana TCP, itifaki ya kusafirisha data, hutuma upya kilichopotea. Sauti haina subira hiyo: pendekezo la G.114 la ITU (Shirika la Kimataifa la Mawasiliano) linataka ucheleweshaji wa upande mmoja uwe chini ya milisekunde 150 ili mazungumzo yasivurugike.

Swichi huitambua sauti kwa alama. Lebo ya VLAN, yaani ya mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi, ina biti 3 za kipaumbele (802.1p), hivyo ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7. Kichwa cha IP, yaani maelezo ya mwanzo wa pakiti, kina DSCP (alama ya kipaumbele), biti 6, yaani thamani 64, na sauti kwa kawaida hupewa 46. Mimi hupendelea DSCP, kwa sababu lebo ya VLAN huvuliwa njiani ilhali DSCP husafiri na pakiti hata baada ya kuvuka ruta.

Swali zito zaidi ni hili: alama ya nani iaminiwe? Programu yoyote kwenye kompyuta inaweza kujiandikia 46. Kwa hiyo amini alama zinazotoka kwenye simu za IP, na kwa poti za kompyuta za kawaida iache swichi iandike alama upya. Uangalifu unahitajika hapa, kwani kuna swichi ambazo ukiwasha QoS bila kutaja poti za kuaminiwa, hugeuza alama zote kuwa 0. Msimamizi anaona QoS imewashwa, na simu bado zinakatika.

Baada ya hapo alama hupangiwa foleni, ambazo mara nyingi ni 4 au 8 kwa kila poti. Sauti huwekwa kwenye foleni inayohudumiwa kwanza daima. Nyingine hugawana kilichobaki kwa uzito. Foleni hiyo ya kwanza iwekewe kikomo, la sivyo inaweza kuzinyima nyingine zote. Kikomo hakiumizi: simu 100 za G.711 (kodeki ya sauti isiyobana sana) hazifiki hata megabiti 10 kwa sekunde kila upande, pamoja na vichwa vyake.

Kisha soma hesabu za pakiti zilizotupwa kwa kila foleni. Zikitupwa za foleni za chini wakati wa msongamano, mpangilio unafanya kazi. Zikitupwa za sauti, kagua alama na kikomo. Na kama poti imejaa kutwa nzima, ongeza kasi ya kiungo chenyewe.