Mtu Mzima Hujifunza kwa Kuuliza, ila Amuulize Nani?

Watu wazima wengi wakitaka kujua jambo hawaanzii darasani, wanaanzia kwa mtu: "Hivi wewe ulifanyaje?" Simu haikubadilisha tabia hiyo, imeongeza tu idadi ya wanaoweza kuulizwa. Mbona basi mtu ana makundi chungu nzima ya WhatsApp na bado analalamika kwamba hajifunzi kitu?

Mara nyingi ni kwa sababu makundi hayo yamejaa watu wake wa karibu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti kuhusu watu waliobadilisha kazi. Kati ya waliopata kazi mpya kupitia mtu wanayemfahamu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine walionana naye mara moja moja, au kwa nadra sana. Utafiti ule ulihusu ajira, lakini kwenye kujifunza hali ni hiyo hiyo: mwandani wako anajua yale yale unayoyajua, maana habari zenu zinatoka chungu kimoja. Yule mliyekutana kwenye semina, au mliyewahi kufanya kazi pamoja kisha mkapotezana, anasikia mengine kabisa. Huyo ndiye wa kutafutwa mtandaoni.

Shida ni kwamba hakujui sana, wala hana muda wa kukudodosa. Kwa hiyo swali lako lazima lijitosheleze. Ukiandika, "Jamani, Excel inanisumbua, naomba msaada," utapata emoji za pole. Andika hivi uone: "Nimejumlisha namba za safu C, jibu linakuja sifuri ilhali namba zinaonekana. Nimekagua fomula, iko sawa. Namba nilizinakili kutoka kwenye ripoti nyingine." Mjuzi atakujibu kwa mstari mmoja: hizo namba zimehifadhiwa kama maandishi, zigeuze ziwe namba. Umeeleza ulichofanya, kilichotokea na ulichokwisha kujaribu, kwa hiyo hana la kukisia. (Na ujumbe wa sauti wa dakika sita si swali, ni mzigo.)

Kupata jibu nako bado si kujifunza. Tunahifadhi video na jumbe kwa nia njema kabisa, halafu hatuzifungui tena. Hata kurudia kuzitazama hakusaidii kama tunavyodhani. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki 1 waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama waliwazidi. Kwa hiyo ukishaelekezwa, weka simu chini na uifanye kazi yenyewe kwa kichwa chako. Kesho yake ijaribu tena kwenye faili jingine, kisha rudi kwenye kundi uandike kwa maneno yako kilichokusaidia. Ukikosea, kuna atakayekurekebisha, na mara nyingi atakuwa mtu ambaye hamjawahi hata kusalimiana.