"Trick" si utapeli kila saa

Juzi kwenye kitengo chetu cha tafsiri imepita karatasi ya maelekezo ya kufua nguo, kichwa chake kimeandikwa "Udanganyifu 10 wa kuondoa madoa". Nikacheka kwanza alafu nikasikitika, manake aliyetafsiri alifungua kamusi, akakuta trick ni hila, ni udanganyifu, akaishia hapohapo. Kumbe Mwingereza hapo anamaanisha mbinu ndogondogo tu, vile vijanja anavyovijua mtu aliyefua miaka mingi.

Neno lenyewe kweli lilianza vibaya. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wa kaskazini, kule trikier ilikuwa kudanganya, na mpaka leo Mfaransa akisema tricher anaongelea mtu anayefanya wizi kwenye mchezo au mtihani. Ila likishaingia kwenye Kiingereza likaanza kuzurura.

Sisi hatuna sababu ya kushangaa coz tuna "mjanja". Ukimwambia mtu "we mjanja" inategemea sauti, inategemea na mkono wake uko wapi, kama uko kwenye kazi yake ni sifa, kama uko kwenye pochi ya mwenzie ni kitu kingine kabisa. Sungura wa kwenye hadithi anadanganya toka mwanzo hadi mwisho na bado tunamshangilia.

Pa kuwa makini ni hapa: mtu kapigiwa simu, kaambiwa ameshinda zawadi, katajiwa na kiasi, akatoa namba ya siri. Kiingereza kitasema he was tricked. Usiandike "amefanyiwa ujanja" bwana, hapo ni kama unampongeza mwizi! Karubuniwa pale alipovutwa na maneno matamu mpaka akakubali mwenyewe, na katapeliwa pale hela ilipoondoka, mi huwa naangalia habari imesimama kwenye hatua ipi ndo nachagua.

Kwenye mazingaombwe mambo yanageuka, watazamaji wamekuja wenyewe na wanataka kudanganywa, hiyo ni kiini macho, hakuna wa kumshtaki. Trick question ni swali la mtego, imeisha hiyo. Trick of the light ni mwanga tu umeyachezea macho.

Kuna sehemu udanganyifu haupo hata chembe. Kwenye karata za whist au bridge watu wanne kila mmoja anatupa moja mezani, mwenye kubwa au mwenye turufu anazoa, na hizo nne alizozoa ndo trick moja, karata 52 zinatoa trick 13. Mabaharia nao wakisema trick wanamaanisha zamu ya kushika usukani, basi.

Na hat-trick, inayotusumbua kila wikiendi, haikutoka hata kwenye soka. Ni kriketi, Sheffield mwaka 1858, mrushaji H. H. Stephenson aliangusha wiketi tatu, yaani aliwatoa wapigaji watatu, kwa mipira mitatu mfululizo, watu wakachanga hela akanunuliwa kofia. Watangazaji wetu wanaliacha neno kama lilivyo na wako sahihi, manake nimeshaona programu ya kutafsiri imeandika straika "alifanya hila ya kofia dakika ya 80", mtu katupia magoli matatu safi anageuzwa mwizi wa kofia.