Kufunga Bila Hewa Si Kusindika

Juzi shangazi yangu alinitolea kabatini mfuko wa maharage ya nazi. Plastiki ilikuwa imeyakumbatia hata ungeweza kuyahesabu moja moja. "Haya nimeyasindika kwa mashine," akaniambia kwa furaha, "yana siku nne hapo, hayataki friji." Neno hilo la kusindika nimelisikia kwa wauzaji wa mashine hizo na kwa wapishi wazoefu, na kila nikilisikia roho inaniruka.

Kazi ya mashine yenyewe ni fupi. Mashine ya vakyumu hufyonza hewa kutoka kwenye mfuko, kisha waya wa moto huyeyusha mdomo wa plastiki ukashikana. Basi. Sehemu kubwa ya hewa imetoka, lakini chakula ni kile kile kilichoingia.

Kusindika ni neno la kinu. Pwani watu walisindika ufuta kwa kinu kilichozungushwa na ngamia, wakapata mafuta. Miwa nayo ilisindikwa ikatoa maji yake. Kinaingia kitu, kinatoka kingine. Ndiyo maana viwanda vilipokuja neno lilikuwa tayari: maziwa yanaingia, jibini inatoka. Anayesindika chakula hukibadili hali yake, kwa moto, chumvi, siki, moshi au jua. Vakyumu haibadili hali ya chakula hata kidogo.

Lipo sindika jingine, nalo ni la mlango. Ukiambiwa usindike mlango unaurudishia tu, bila kutia komeo. Hilo ndilo linaloifaa mashine ya shangazi. Ukungu na vimelea vinavyohitaji oksijeni vimezuiwa mlangoni, mafuta ya nyama hayachachi upesi, na samaki kwenye friza hakauki akawa kama gome. Ni faida kubwa na sizibezi. Komeo ndilo halijatiwa.

Maana wapo vimelea wasioitaka hewa. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hukaa udongoni, na spora zake, yaani mbegu zake ngumu, hustahimili maji yanayochemka. Maharage yakishaiva, yakafungwa bila hewa na kuachwa kwenye joto la chumba, yana kila kitu anachokihitaji: unyevu, chakula, uchachu mdogo, na oksijeni imeondolewa. Sumu yake hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Tena mfuko unaweza usivimbe wala usinuke. Vyakula vya makopo vya namna hii hupona kwa sababu hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi. Kufunga kopo peke yake hakutoshi.

Kosa hili lina umri. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kuhifadhi chakula kwenye chupa zilizozibwa na kuchemshwa. Mkemia Gay-Lussac alizichunguza chupa hizo, akaona hazina oksijeni, akahitimisha kwamba siri ni kutokuwepo kwa hewa. Ilibidi kusubiri kazi ya mwanasayansi Louis Pasteur, miongo kadhaa baadaye, ndipo ikaeleweka kwamba moto ndio uliokuwa ukiua vijidudu. Leo kila anayesema hewa ikitoka chakula kimepona anarudia hitimisho la Gay-Lussac.

Mahali ambapo kuziba hewa kunatosha ni kwenye vikavu hasa. Wakulima wanaotumia mifuko ya kuhifadhia nafaka iitwayo PICS, yenye tabaka tatu, wanalijua hilo: dumuzi aliyemo ndani anaimaliza oksijeni, anakufa, na mahindi yanabaki mazima bila dawa. Lakini mahindi hayo yamekaushwa kwanza. Kazi ya kuhifadhi ilianzia juani. Maharage makavu, karanga na kahawa, vivyo hivyo. Chochote chenye unyevu, kuanzia nyama mbichi hadi pilau la jana, kikishafungwa kinakwenda kwenye friji kwa siku chache, au kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa miezi.

Nilimwambia taratibu: "Shangazi, hapa umefunga, hujasindika. Tukipika mengine tuyafunge yakishapoa, yaende moja kwa moja kwenye friza." Akaniuliza kama hayo ya kabatini tukiyapasha moto hayatafaa. Nikamwomba tusijaribu. Tuliyatupa bila kuyaonja.