Fahirisi ya glaisemia: namba inavyopimwa na mahali inapoharibika

Kabla ya miaka ya 1980, mwenye kisukari alipangiwa mlo kwa kuhesabu gramu za wanga tu. Wanga wa mkate na wanga wa dengu, gramu zikilingana, vilichukuliwa kuwa kitu kimoja. Aliyeonyesha kwa vipimo kwamba sivyo ni David Jenkins, daktari mtafiti aliyesomea Oxford kisha akahamia Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 1981 yeye na wenzake, akiwemo Thomas Wolever, walichapisha namba za vyakula na sukari 62, zinazoonyesha kila kimoja kinavyopandisha sukari ya damu kikilinganishwa na glukosi, na kukiita kipimo chao fahirisi ya glaisemia.

Njia ya kufika hapo ilipitia kwenye nyuzinyuzi, na chanzo chake kimojawapo kipo kwetu. Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi miaka mingi Kenya na Uganda, aliandika mwaka 1975 kwamba uhaba wa nyuzinyuzi kwenye mlo unachangia kisukari. Mwaka uliofuata Jenkins alichanganya gundi ya mbegu za guar na pektini, aina mbili za nyuzinyuzi, kwenye mlo, na sukari ya damu haikupanda sana kama kawaida. Mwaka 1978 akaeleza sababu: mnato. Guar iliyovunjwavunjwa hadi ikakosa mnato haikusaidia tena, ingawa ilikuwa guar ileile. Kwangu hilo ndilo jaribio zuri kuliko yote aliyofanya, maana lilihamisha swali kutoka "chakula kina nini" hadi "kinameng'enywa kwa kasi gani".

Kipimo chenyewe sasa kina kiwango cha kimataifa, ISO 26642 cha mwaka 2010. Wanahitajika watu wasiopungua 10 wasio na kisukari, waliofunga usiku kucha. Kila mmoja anakula chakula chenye gramu 50 za wanga unaomeng'enywa, yaani nyuzinyuzi hazihesabiwi, na anamaliza ndani ya dakika 12 hadi 15. Damu ya kidole inachukuliwa kabla ya kula, kisha dakika ya 15, 30, 45, 60, 90 na 120. Siku nyingine mtu huyohuyo anakunywa gramu 50 za glukosi katika maji. Unachora mchoro wa kila siku, unapima eneo lililo juu ya sukari yake ya kufunga, na sehemu inayoshuka chini ya hapo haihesabiwi. Eneo la chakula likiwa 150 na la glukosi 200, namba ya mtu huyo ni 75. Wastani wa namba za wote ndio fahirisi: 55 kushuka ni ya chini, 70 kupanda ni ya juu.

Makosa mengi hutokea kwenye glukosi, si kwenye chakula. Sukari ya mtu mmoja hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo ukipima glukosi mara moja tu na siku hiyo ikatoka chini, kila chakula kitaonekana kibaya. Ipime mara mbili au tatu, utumie wastani. Kidole nacho kisikamuliwe, kwa sababu majimaji ya nyama huchanganyika na damu na kipimo kinashuka.

Kwa ugali, tatizo ni maji. Gramu 50 za wanga zinapatikana katika takriban gramu 65 za unga wa sembe, lakini ugali uliopikwa hauna uzito mmoja. Pima unga, pima sufuria tupu, kisha pima sufuria na ugali wake. Gramu 500 za unga zikitoa gramu 1,500 za ugali, sahani ya jaribio ni gramu 195. Anayekisia kwa jicho anapima kitu kingine kabisa. Ugali uliopoa nao si sawa na wa moto: sehemu ya wanga hujipanga upya na kuwa ngumu kumeng'enywa.

Karoti ndiyo onyo kubwa. Orodha ya 1981 iliipa 92, vipimo vya baadaye vikaiweka chini ya 50. Tena ili upate gramu 50 za wanga lazima ule karibu gramu 700 za karoti, na hakuna anayekula hivyo. Ndiyo maana fahirisi huzidishwa kwa gramu za wanga zilizo kwenye sahani halisi, kisha ikagawanywa kwa 100, kupata mzigo wa glaisemia. Sahani kubwa ya chakula cha fahirisi ya chini bado inaweza kuwa na mzigo mkubwa, na wenye kisukari wengi hawaambiwi hivyo.

Ukikutana na namba ya muhogo, ndizi au dona, tafuta kwanza kama walilinganisha na glukosi au mkate mweupe. Iliyolinganishwa na mkate izidishe kwa 0.71 kabla ya kuiweka kando ya nyingine. Halafu angalia idadi ya watu, aina ya unga na namna ulivyopikwa. Visipotajwa, mimi siitumii kumpangia mgonjwa mlo.