MVP ni kitu gani hasa, hasa kwa mtu mwenye ajira yake

MVP (kifupi cha Kiingereza "minimum viable product") utaisikia kila wanapokaa watu wa programu, na wengi wanaitumia vibaya, wanadhani maana yake ni apu ambayo haijaisha, ile inakwama kwama halafu mwenyewe anajitetea "ah si unajua hii ni MVP tu". Hapana. MVP ni toleo dogo kuliko yote ambalo mtu wa kweli anaweza kulitumia likamfanyia kazi moja mpaka mwisho, na wewe ukajua kama kuna anayelihitaji au ulikuwa unawaza peke yako. Udogo wake uko kwenye idadi ya vitu inavyofanya, ila hicho kimoja inachofanya lazima ikifanye sawasawa.

Jina lenyewe alilianzisha Frank Robinson mwaka 2001, baadae Eric Ries, mwandishi wa kitabu cha The Lean Startup, ndo akalisambaza likafika kila kona.

Sasa kwanini nasema mwajiriwa analihitaji kuliko mtu yeyote? Piga hesabu. Unarudi kazini umechoka, tuseme unapata saa moja na nusu, siku nne kwa wiki. Hizo ni saa 6 kwa wiki, kama 24 kwa mwezi, yaani siku tatu za ofisini basi. Wazo lako likihitaji saa 300 maana yake ni karibu mwaka mzima kabla hajaliona mtu, na mwaka ni mrefu mno, hamu inaisha, kazini mambo yanabadilika, na mbaya zaidi unaweza kufika mwisho ukakuta hakuna anayeitaka. Kwahiyo huwezi kuongeza saa, unachoweza ni kupunguza kitu chenyewe.

Na kupunguza ndo pagumu. Chukua mfano wa kijiapu cha kuwakumbusha wateja walipe invoisi. Kichwani kinakuja na kujisajili, kubadili paswedi, dashibodi yenye grafu, lugha tano, malipo, toleo la simu, na vyote vinaonekana vya lazima kabisa. Ukikaa ukajiuliza mtu anakuja hapa kufanya nini, jibu ni moja tu, anataka mteja wake apate imeili siku ya kulipa ikifika. Basi MVP yake ni ukurasa mmoja wenye sehemu tatu za kujaza: imeili ya mteja, kiasi, tarehe. Hakuna akaunti, hakuna dashibodi. Hata kutuma, kwa watu kumi wa mwanzo unaweza ukatuma kwa mkono wako mwenyewe kila asubuhi kabla hujaenda kazini, wao hawana shida, wanachotaka imeili ifike. Nimeshapoteza wiki nzima nzima nikitengeneza sehemu ya kujisajili kwa ajili ya watumiaji ambao hawakuwepo, na inauma kwasababu zile saa hazirudi.

Aliyenifungua macho kwenye hili la kufanya kwa mkono ni Nick Swinmurn, yule aliyeanzisha Zappos, duka la viatu la mtandaoni, mwaka 1999. Hakununua stoo ya viatu, alienda madukani akapiga picha viatu vya watu akaviweka kwenye tovuti, mtu akiagiza anarudi dukani anavinunua kama mteja wa kawaida na kumtumia. Faida hapo hamna, ila swali lake lilikuwa watu watakubali kununua viatu bila kuvijaribu mguuni? Akapata jibu. Naye Craig Newmark, Craigslist yake, ile tovuti ya matangazo madogo madogo, ilianza 1995 kama orodha ya imeili tu aliyokuwa anawatumia marafiki, hata tovuti haikuwepo.

Kabla hujaanza soma mkataba wako wa kazi, tafadhali. Mikataba mingi inasema ulichobuni ukiwa mwajiriwa ni cha mwajiri. California kuna sheria inayokulinda kama umefanya kwa muda wako, bila vifaa vya mwajiri, na kitu hakihusiani na biashara yake, lakini sehemu nyingine sheria ni tofauti, kwahiyo usichukulie poa. Laptopu ya ofisi iache kabisa.

Ukishaiweka hewani, usihangaike na wangapi wamefungua linki, watu wanafungua kila kitu. Angalia nani kairudia mara ya pili bila kukumbushwa. Hao hata wakiwa watatu, waandikie, waulize walikuwa wanafanyaje kabla, na kitu watakachokiomba wote watatu ndo unakijenga mwezi unaofuata. Asiporudi hata mmoja baada ya wiki nne au tano, zima seva uchukue wazo lingine, umetumia saa chache tu na bado una nguvu ya kuanza tena.